Bahasha Ishirini na Nne za Balambala

Warfa alikuwa dereva wa lori la mbuzi kabla hajawa mtu wa mbegu. Naanza na hilo kwa sababu watu wa mtaa wetu wa Galbet, hapa Garissa, wa siku hizi, wakisikia marehemu mume wangu alifanya kazi na watafiti, humfikiria amevaa koti jeupe na miwani. Wapi! Alivaa kikoi na ndala za bluu, na mdomoni alikuwa na jino moja la dhahabu alilowekewa Mandera akiwa kijana, akajivunia jino hilo kuliko leseni yake. Miaka kumi na minne alipakia mbuzi kutoka Takaba kushuka hadi Garissa. Hakukuwa na mti wa njia ile asioujua, kwa kuwa chini ya karibu kila mmoja aliwahi kubadilisha tairi.

Mimi nilikuwa nafundisha darasa la tatu. Aliniita Mwalimu tangu wiki ya kwanza ya ndoa, hata mbele ya mama yake, na mama yake hakupenda. Jina langu ni Leyla, lakini nyumbani kwetu hilo lilikuwa jina la hasira. Nikisikia Leyla kutoka uani, nilijua nimeunguza kitu au nimesema kitu. Kwa bahati nzuri hakuwa mtu wa hasira, kwa hiyo nililisikia mara chache sana, hadi ule mwaka ninaotaka kuueleza.

Mwaka wa tisini na sita alikuja Keynan. Alikuwa mtoto wa Wajir aliyekulia Eastleigh, msomi wa mimea, Kisomali chake cha mtoto wa miaka saba na Kiswahili chake cha vijana wa Nairobi. Alitafuta dereva anayejua watu wa mtoni, akaelekezwa kwa Warfa. Kazi yenyewe ilikuwa ya mtama. Alitaka kujua ni aina ngapi za mtama zimebaki katika mashamba ya kando ya Mto Tana kule Balambala, kabla mbegu za dukani hazijazimeza, na ni kiasi gani mtama mwitu unaoota wenyewe ukingoni umechanganyika damu na mtama wa shambani.

Mimi nilidhani atahesabu kwa macho, mweupe huu, mwekundu ule. Warfa ndiye aliyenieleza, naye alieleza kwa raha kubwa kama kwamba yeye ndiye aliyevumbua. Kila mtama, alisema, una chapa yake kama ngamia, ila chapa hii haiko kwenye ngozi, iko ndani ya kila jani. Wataalamu wa Nairobi hupanda mbegu kwenye kopo, jani likichipuka wanalisaga na kulitia dawa. Maji yake huwekwa kwenye trei yenye kitu kama jeli, umeme hupitishwa, halafu chini ya taa maalumu hutokea mistari iliyopangana kama ngazi. Mtama wa ukoo mmoja una ngazi moja, wa ukoo mwingine una ngazi nyingine, na rangi ya punje haiwezi kumdanganya mtu tena.

Safari ya kwanza Warfa alikwenda Balambala kutoa habari tu. Alipata akina mama ishirini na wanne wenye mashamba, akawaambia atarudi baada ya siku kumi kuchukua kikombe kimoja cha mtama kwa kila mmoja, na kwamba mtama huo utakwenda Nairobi kupimwa. Keynan aliagiza bahasha ziandikwe nambari, moja hadi ishirini na nne. Hapo ndipo mimi nilipoingiza mdomo. Nilimwambia nambari ni za mbuzi wa mnadani, na hawa ni akina mama wenye heshima zao, basi kila bahasha iandikwe jina la mwenye mbegu, nao waambiwe hivyo. Keynan alicheka akakubali. Warfa akapeleka ujumbe kwa gari la miraa, nami nikakaa na kalamu nyeusi, nikaandika majina ishirini na manne kwa mwandiko wangu wa ubaoni. Wa kwanza alikuwa Amino na wa mwisho alikuwa Bishara.

Bahasha zilirudi zimefura. Kikombe kimoja kilikuwa kimeombwa, na wao walitoa viwili viwili. Nilifungua mbili tatu nikaona mtama mweupe, mnene, safi, hauna hata kapi moja. Nikamwambia Warfa wanawake wa Balambala wanajua kulima. Akaniambia, "Umeona, Mwalimu?" na akazipanga kwenye boksi la katoni kwa mikono miwili, polepole, kama mtu anayepanga mayai.

Nakumbuka miezi ile kwa hamu. Kila akirudi alikuwa na jambo la kusimulia, mara mistari, mara ngazi, mara vile mtama mwitu unavyojificha katikati ya ule wa shambani hadi siku ya kuvuna. Mtu aliyeendesha mbuzi miaka kumi na minne alikuwa ameanza kusimamisha gari kutazama nyasi. Nilimcheka, lakini nilimpenda zaidi, na sikumwambia.

Ramadhani ya mwaka uliofuata iliangukia Januari. Alasiri moja Keynan alifika uani kwetu na picha kubwa mkononi. Hakukaa. Alimwonyesha Warfa ngazi zile, akaanza kuzifuata kwa kidole: hii, hii, hii, zote sawasawa. Ishirini na tatu zilikuwa ngazi moja. Moja tu, ya mwisho, ilikuwa tofauti.

"Adeer," alisema, akimwita ami kwa heshima, "haiwezekani mashamba ishirini na tatu yawe na mtama mmoja namna hii. Niambie tu ukweli. Ulijaza zote kutoka gunia moja?"

Warfa alikuwa ameshika kombe la tende akizichambua. "Wallahi mimi hapana jaza," alimjibu kwa kile Kiswahili chake cha barabarani. "Mimi naenda nyumba kwa nyumba."

Keynan alisema hamwiti mwizi. Alisema anajua njia ni ndefu na jua ni kali, na watu wengi hufanya hivyo, lakini kazi ya miezi mitano ilikuwa imeharibika na wakubwa wake walitaka maelezo. Kama Warfa hana maelezo kufikia mwisho wa mwezi, atatafuta dereva mwingine, na itabidi aandike sababu. Aliacha nakala ya picha juu ya mkeka, akaenda zake.

Sasa nitasema nilichofanya, maana nimekibeba muda mrefu. Nilitazama zile ngazi ishirini na tatu. Mimi ni mwalimu. Nimesahihisha madaftari ya watoto arobaini yenye kosa moja mahali pamoja, na najua maana yake. Nikamgeukia mume wangu, midomo yake mikavu kwa saumu, nikamuuliza, "Warfa, kweli hukujaza?"

Aliweka tende chini.

"Umeniuliza nikiwa nimefunga, Leyla," alisema.

Alifuturu, akasali, akacheza na watoto, akanijibu kila nilipouliza kuhusu chumvi au mafuta. Lakini tangu siku ile nilikuwa Leyla, asubuhi Leyla, jioni Leyla, na hakuwa hata amekasirika.

Siku ya pili aliniletea ile picha akauliza ngazi ya mwisho, ile ya peke yake, ni jina gani. Nikamwambia ni ya Bishara. Alifikiri sana, kwa sababu Bishara alikuwa mjane mzee wa Balambala aliyejulikana kando yote ya mto kwa mtama wake mweupe, mbegu aliyokuja nayo kutoka kwa mama yake alipoolewa. Kama kuna mtu aliyepaswa kuwa na ule mtama mnene, ni yeye. Ilikuwaje bahasha yake ndiyo iwe na punje nyekundu na nyeusi na makapi? Jambo hilo halikumwacha alale vizuri. Kabla ya mwisho wa juma alipata gari la kuelekea huko, akaenda na saumu yake.

Aliporudi alinisimulia kwa kifupi, kama mtu anayetoa taarifa polisi. Alikuwa ameketi mlangoni kwa Bishara akamuuliza moja kwa moja, na yule mama akacheka hadi akashika mbavu. Zile siku kumi za kungoja, mlango wake haukufungwa. Kila mwanamke alikuja na chombo kuomba vikombe viwili vya mtama mzuri wa kumpa mgeni.

"Mwanangu," alimwambia, "ulitaka jina la mwanamke liende Nairobi juu ya mbegu zilizodonolewa na ndege?"

Na yeye mwenyewe? Alikuwa amegawa hadi chombo kikabaki kitupu. Siku ya mgeni alibakiwa na takataka za kuku, mtama wa kila rangi na mwitu wa ukingoni ndani yake, akampa huo huo. Alisema wenzake walikuwa na Bishara wa kumwazima, na yeye hakuwa naye.

Nilisikiliza nikiwa nakanda unga, nikasimamisha mikono. Ningeziacha zile nambari za Keynan kama zilivyokuwa, kila mama angetoa mtama wake bila kujali, kwani nani anaona aibu kwa nambari kumi na saba? Majina yalikuwa wazo langu. Kosa lilikuwa langu, na mimi ndiye niliyemuuliza yeye kama ni mwongo. Nilitaka kusema hivyo papo hapo. Nikasema unga umekuwa mwepesi.

Safari iliyofuata alikwenda na bahasha zenye nambari tupu, na majina akayaweka kichwani. Hakuomba mtama wa mgeni. Aliomba ule ulio kwenye kibuyu kinachoning'inia juu ya moshi wa jikoni, ambao mwanamke huupanda kwa ajili ya nyumba yake na hamwonyeshi mtu. Walimpa kwa haya, wakijifunika midomo kwa mitandio, ngumi moja tu kila mmoja. Kulikuwa na mwekundu mchungu ambao ndege hawaugusi. Kulikuwa na wa siku sitini wa kuokoa watoto mvua ikikatika, na mweusi wa uji wa mzazi, na mwingine wa shingo iliyopinda ambao hakuna aliyejua ulitoka wapi.

Ngazi zilipotoka safari hii zilikuwa za koo kumi na tisa, na katika takataka za Bishara walipata mtama mwitu na mtama wa shambani waliozaana. Keynan alifurahi mno hadi akamnunulia Warfa soda mbili. Lakini kuhusu lile neno alilomwambia uani, alisema tu, "Basi, tumeelewana, adeer." Akamrudishia boksi la bahasha za kwanza. Nusu ya kila bahasha ilikuwa imetumika na nusu imebaki, nayo haikuwa na kazi tena; wapeni kuku, alisema. Warfa alilileta nyumbani akaliweka juu ya kabati. Nilimuuliza kwa nini hatupi. Akasema, "Acha likae, Leyla."

Likakaa, hadi ile mvua ikaja. Aliyekuwa Garissa mwisho wa mwaka wa tisini na saba hahitaji kuelezwa. Tana iliacha njia yake ikaja kututembelea. Barabara ya Nairobi ilikatika, malori hayakuja, mbuzi walikufa wakiwa wamesimama kwenye maji, mbu wakawa wengi kuliko watu. Madukani unga ulikwisha, kisha mchele, na watu wakawa wanatazama angani kungoja ndege ya msaada. Ramadhani ikaingia katika hali hiyo. Watoto wangu watatu walikuwa wembamba, na yule mdogo alikuwa anapona homa.

Alasiri moja hapakuwa na kitu cha kupika. Namaanisha hapakuwa na kitu. Nilipanda juu ya kiti nikashusha lile boksi, nikafungua bahasha ya Amino nikaimimina kwenye ungo. Mtama ulianguka mweupe, mnene, haujaliwa na mdudu hata mmoja. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza uji wake Warfa alipoingia.

"Rudisha, Leyla."

"Watoto watakula nini?"

"Hiyo si yetu. Ina majina ya wenyewe, na wewe ndiye uliyeyaandika."

Nilimkumbusha kwamba Keynan alisema tuwape kuku. Akasema Keynan alisema, wao hawakusema. Balambala maji yamepita juu ya mashamba na juu ya paa, hajui kama kuna kibuyu kilichobaki, na mimi nataka kupika. Nilimjibu maneno mabaya ambayo siyarudii hapa. Alichuchumaa, akaokota punje zilizoangukia mkekani, akazirudisha moja moja, akalamba gundi ya bahasha kwa ulimi mkavu wa mtu aliyefunga, halafu akakumbuka, akatema, akasuuza kinywa. Kisha akatoka ndani ya mvua.

Karibu na adhana alirudi na mfuko wa unga wa ngano na mchele kiasi, umefungwa kwa karatasi ya nailoni. Niliuliza amepata wapi. Alisema kwa sonara. Nikadhani anatania, hadi alipofungua kinywa kula tende, nikaona pengo pale lilipokuwa jino la dhahabu.

Nilipika. Sijui nilipikaje. Watoto walikula wakamcheka baba yao kwa pengo lake, naye akawaonyesha mara mbili tatu ili wacheke tena. Mimi nilikaa nyuma ya mlango nikalia. Mwanamume aliyeng'oa jino lake asile nusu bahasha ya mtama wa watu, angewezaje kuwa amejaza bahasha za watu kutoka gunia moja? Nilijua sasa kwa yakini. Lakini kujua si kusema, na mdomo wangu ulikuwa mzito. Nikabaki Leyla.

Maji yalipopungua, mwezi wa Machi, Keynan alifika kutoka Nairobi na kijiko kimoja kimoja cha zile koo kumi na tisa, ndizo mbegu zote zilizobaki kwenye friji ya maabara. Alisema ni chache lakini ni mwanzo. Warfa akapakia na boksi lake. Nami nikasema naenda. Shule ilikuwa bado imefungwa, na kama kuna majina ya kusoma, aliyeyaandika ndiye asome.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona Balambala. Mto ulikuwa umerudi mahali pake kama usiohusika. Mashamba yalifunikwa na tope jeusi, laini, zuri kuliko udongo wowote niliowahi kuona, na hapakuwa na mbegu ya kutia ndani yake. Akina mama walikusanyika mbele ya msikiti mdogo. Vibuyu vilikwenda vyote na majiko yake. Keynan alipokwisha kugawa vijiko vyake, nikasoma jina la Amino, akaja, akafungua, akatazama ndani. Nikasoma la pili na la tatu. Mmoja alikuwa amefariki kwa homa, binti yake akapokea kwa mikono miwili na kuibusu ile bahasha, ingawa jina lilikuwa la mama.

La mwisho lilikuwa Bishara. Alikuja anachechemea, jicho moja lina ukungu. Alimimina kiganjani, akaona nyekundu na nyeusi na makapi, akatambua takataka za kuku wake, akacheka tena kama alivyocheka na Warfa. Wenzake hawakucheka. Amino aliinuka, akaenda akamimina nusu ya bahasha yake kwenye pindo la guntino, ile nguo ya kujifunga begani, la Bishara. Akaja mwingine. Kisha wakaja wote, mmoja baada ya mwingine, bila kuambiwa na mtu, na mtama mweupe ukapanda mapajani mwa yule mama hadi akashindwa kusimama.

"Nani ameuweka?" aliuliza. "Mwaka mzima, na njaa hii yote?"

Wakamwonyesha Warfa, aliyekuwa kando ya gari akikunja boksi tupu. Keynan alimwendea kwanza. Alimshika mkono akamwambia mbele ya watu wote, kwa Kisomali chake kibovu, kwamba alimtuhumu mtu mwema na anaomba radhi. Nilimwonea wivu kijana yule, amenitangulia kwa ujasiri. Nami nikasimama.

"Eedo Bishara," nilisema, nikimwita shangazi, "kwa mbegu hizi mume wangu aliitwa mwongo. Mgeni alimwita kwa kuwa hakumjua. Mimi namjua miaka kumi na moja, na nilimuuliza akiwa amefunga. Warfa, nisamehe, mbele ya hawa."

Nilisikia mto tu. Yeye alimaliza kulikunja boksi, akaliweka nyuma ya gari, akalisukuma vizuri lisianguke. Kisha akanitazama na lile pengo lake likaonekana.

"Panda mbele, Mwalimu," alisema. "Njia ni mbaya."

Ni miaka mingi sasa. Warfa amelala upande ule wa mji ambao upepo hautulii, na Bishara alimtangulia. Nimestaafu. Galbet nzima huniita Mwalimu, wazee kwa watoto, hata muuza maziwa, na huwa naitikia kila mmoja. Lakini mara nyingine nikiwa nimeinama jikoni nikilisikia jina hilo kutoka uani, huacha kijiko na kwenda mlangoni kuangalia ni nani.